Nimelipa shilingi 280,000 kwa kompyuta inayogoma kuwaka asubuhi, na pawa saplai niliyouziwa kuwa ni mpya ni ileile ya kwangu

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimejizuia siku nne nisiandike, kwa kuhofu kwamba nikiandika nitatukana, na sikukusudia kutukana bali kueleza nilivyotendewa hapa Tabora Mjini, ili mafundi wenye staha waliomo humu waniambie kama ndivyo kazi yao inavyofanywa siku hizi. Duka lenyewe sitalitaja, kwa kuwa bado nalidai na sijamaliza nalo.

Nina steshenari ndogo Isevya. Nachapa, natoa kopi, nawajazia vijana maombi ya ajira mtandaoni, na msimu wa masoko ya tumbaku makarani wa vyama vya msingi huniletea orodha za wakulima ambazo lazima zitoke siku hiyohiyo. Kompyuta ninayoitegemea ni ya mezani, iliunganishwa mwaka 2016 kwa vifaa vya kawaida, na haikuwahi kunisumbua hadi mwanzoni mwa mwezi wa sita. Ilianza hivi: nafika saa moja na nusu asubuhi, nawasha swichi ya ukutani, nabonyeza kitufe, kimya. Feni haizunguki, taa haiwaki, mlio hakuna. Natoa waya na kuurudisha, nahamia soketi nyingine, nabonyeza tena na tena, kimya. Inapofika saa nne au saa tano, mteja akiwa ameshakwenda kwa jirani, nabonyeza kwa mazoea tu na inawaka kana kwamba haikuwa na neno. Ikishawaka hufanya kazi mpaka jioni bila kujizima hata mara moja. Zipo asubuhi nyingine iliwaka mara ya kwanza bila shida yoyote, na hizo ndizo zilizonichanganya kuliko zile ilizogoma.

Mara ya kwanza nilipoipeleka dukani kwa fundi ilikuwa saa nane mchana. Fundi aliichomeka, akabonyeza, ikawaka. Akanitazama, akasema, "Dada, mbona inawaka?" Nikamweleza kwamba inagoma asubuhi. Hakuuliza swali lolote juu ya hilo; alisema tatizo ni Windows imechoka, akaipiga upya, akachukua shilingi 25,000. Nilikubali kwa sababu sikujua, lakini leo nikikumbuka najiona mjinga, kwa maana hata mtu asiyejua kitu anaweza kujiuliza: Windows imo ndani ya hadidiski, na hadidiski haizunguki bila umeme, sasa mashine ambayo hata feni yake haijazunguka imeifikia Windows saa ngapi hata ikakwamishwa nayo? Kupiga Windows upya kwenye kompyuta isiyopokea umeme ni sawa na kumbadilishia dereva gari lisilo na betri.

Siku mbili baadaye iligoma tena. Nikairudisha, safari hii akasema pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme, imekufa. Aliilaza siku moja, akanirudishia akisema ameweka mpya, yenye waranti ya miezi mitatu, akanidai shilingi 65,000. Nilipoomba risiti ya mashine aliniambia mashine ya risiti ina hitilafu, akaniandikia kwenye karatasi iliyochanwa daftarini: "P/supply mpya, 65,000, imelipwa." Karatasi hiyo ninayo.

Asubuhi iliyofuata iliwaka, nikashukuru. Ya tatu yake ikagoma. Mwalimu mmoja alikuwa amesimama mbele yangu na flashi yenye mtihani wa kujipima wa kidato cha nne, wanafunzi wakiwa darasani wanausubiri. Nilibonyeza kile kitufe mpaka kidole kikaniuma. Mwalimu aliondoka bila kusema neno, na hajarudi tena dukani kwangu.

Niliporudi kwa fundi mara ya tatu nilikuwa nimepandisha sauti, nakiri. Aliniambia, mbele ya wateja wake, "Dada, haya ni mambo ya kitaalamu, hata nikikueleza hutayaelewa," kisha akatangaza kwamba mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani unaounganisha vifaa vyote, imeungua. Alinifungia nyingine, ya kutumika, kwa shilingi 190,000, na yangu akabaki nayo. Nilipoiulizia wiki iliyofuata, kwa kuwa kompyuta iligoma vilevile asubuhi ya pili yake, akasema imeshatupwa.

Hapo ndipo mdogo wangu alipoishauri familia nzima kwamba niachane na "wataalamu" nikamwone mzee mmoja wa Ng'ambo anayetengeneza redio na feni chini ya mwembe. Sikuwa na imani naye, ila sikuwa na fedha nyingine ya kupoteza. Nilimweleza shida yangu, naye kabla ya kugusa chochote aliuliza swali ambalo fundi wangu hakuliuliza katika safari zote tatu: "Inagoma saa ngapi, na usiku inalala imechomekwa au imechomolewa?"

Nilibaki kimya nikifikiri. Mimi tangu nifungue duka nina desturi ya kuzima swichi ya ukutani kila jioni kwa hofu ya radi, na hata kiangazi ambapo hakuna radi mkono wangu huzima tu. Lakini siku ninazowahi kuondoka, msichana anayenisaidia ndiye hufunga duka, naye husahau swichi. Nilipopiga hesabu ya siku, zile asubuhi ilizowaka bila taabu zilikuwa ni za baada ya yeye kufunga. Mzee akatikisa kichwa, akasema niilete kesho yake alfajiri bila kuichomeka popote njiani, na nisiifunike na chochote.

Wasiokaa Tabora wajue kwamba mwezi wa sita na wa saba asubuhi zetu ni za baridi, watu huvaa makoti, kisha kufikia saa nne jua linakuwa kali. Nilifika kwake saa kumi na mbili na nusu. Alifungua ubavu wa kasha, akaichomeka kwenye umeme, akapima kwanza soketi yake na kupata volti 228, hivyo ukuta hauna kosa. Kisha akachomoa kile kiwaya cha kitufe cha mbele, akagusanisha pini zake mbili kwenye mazabodi kwa ncha ya bisibisi, jambo linalofanya kazi ileile ya kubonyeza kitufe. Kimya. Kwa hiyo kitufe nacho hakina kosa. Yote hayo hayakumchukua dakika tatu, na yalihitaji bisibisi moja na mita ya kupimia umeme tu.

Halafu akaja kwenye plagi kubwa ya pini 24 inayoingia kwenye mazabodi, akachomeka ncha ya mita nyuma ya waya wa zambarau na nyingine kwenye waya mweusi. Alinieleza, na nilimwelewa vizuri sana mimi niliyeambiwa sitaelewa, kwamba waya huo wa zambarau unapaswa kuwa na volti 5 muda wote kompyuta inapokuwa imechomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, kwa sababu huo ndio umeme mdogo unaoiweka mazabodi katika hali ya kusubiri; ukibonyeza kitufe, ni huo unaoiwezesha mazabodi kuiambia pawa saplai iamke. Haufai kushuka chini ya 4.75. Mita yangu, yaani mita yake, ilisoma 3.4, ikaruka 3.1, ikarudi 3.6, haitulii. Mazabodi inabonyezwa kitufe ikiwa haina hata nguvu ya kuitikia.

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alimtuma kijana wake saluni ya jirani akaazime draya ya nywele. Mwenye saluni alikuja nyuma yake akiwa na kitana mkononi aone nani anayeosha nywele chini ya mwembe asubuhi hiyo. Mzee aliipuliza ile pawa saplai hewa ya moto kupitia matundu yake ya nyuma, bila kuifungua, mita ikiwa mahali pake. Tulisimama watu wanne tukitazama namba: 3.6, 3.9, 4.3, ikakaa hapo kidogo, 4.7, 4.9, mwishoni 5.0 na ikatulia. Haikufika dakika tano. Akagusa zile pini kwa bisibisi, feni zikazunguka.

Sababu yake aliieleza kwa maneno machache. Ndani ya pawa saplai mna kapasita, vile vikopo vidogo vyenye kimiminika ndani, ambavyo hukauka polepole kwa miaka na kwa joto. Kikopo kilichokauka nusu kikipata baridi hukataa kabisa kufanya kazi yake, kikipata joto hujikongoja. Ikiwa kompyuta imelala imechomekwa, kile kisehemu cha kusubiri hukesha kikifanya kazi na kubaki na uvuguvugu, kwa hiyo asubuhi inawaka. Ikiwa imelala imezimwa ukutani, inaamka na baridi ya Tabora. Ndiyo maana kila nilipoipeleka kwa yule bwana mchana wa jua ilikuwa inawaka, na kila alipoilaza kwake ikiwa kwenye umeme "ilipona". Angekubali kuja dukani kwangu asubuhi moja tu, au angeniuliza inagoma lini, angejua bila kuuza hata skrubu moja.

Sasa sikilizeni jambo lililonikosesha usingizi. Nilimwambia mzee kwamba haiwezekani kapasita ziwe zimekauka, maana pawa saplai ni mpya, haina hata mwezi. Mzee hakubisha, alinionyesha tu kwa kidole. Ubavuni mwa pawa saplai, upande usioonekana mpaka kasha lifunguliwe, kuna doa la wino wa bluu lenye umbo kama la jani la mpapai. Doa hilo ni la kwangu. Mwaka 2021 nilifungua kasha nilipulize vumbi, nikaangusha kichupa cha wino wa muhuri, nikafuta kwa spiriti na doa halikutoka. Juu yake pamebandikwa stika mpya iliyoandikwa waranti miezi mitatu, na mzee alipoinua pembe ya stika hiyo kwa ukucha, chini yake ilikuwepo stika ya zamani, imefifia.

Kwa hiyo nililipa 65,000 kwa stika, kisha nikalipa 190,000 kuondolewa mazabodi ambayo haikuwa na ugonjwa wowote, na iliyo nzima ikabaki dukani kwake, eti imetupwa. Mazabodi nzima haitupwi, ndugu zangu, nami naamini kuna mtu hapa mjini ameuziwa ya kwangu.

Nimenunua pawa saplai mpya kweli kweli, nikiwa nimeitazama inatolewa kwenye boksi, mzee akaifunga kwa shilingi 5,000. Huu ni mwezi wa saba, baridi ipo, nazima ukutani kila jioni, na kompyuta haijagoma hata asubuhi moja. Ile ya zamani nilitaka kuifungua nione hivyo vikopo, mzee akanikataza kwa ukali: ndani yake huweza kubaki umeme unaozidi volti 300 hata baada ya kuchomolewa, na asiyejua asiiguse.

Nilimpigia simu yule bwana kwa upole. Alisema nimebadilisha mwenyewe ili nimchafue. Nikamwuliza nimelitoa wapi doa la wino la mwaka 2021 nikalihamishia kwenye pawa saplai "yake", akakata simu. Ninachodai ni shilingi 65,000, na mazabodi yangu au shilingi 190,000, yeye achague. Akileta mazabodi yangu ikiwa nzima nitamrudishia yake. Ile 25,000 ya Windows naisamehe, iwe ada ya ujinga wangu. Mafundi mliomo humu naomba mniambie kama namba ya utambulisho (serial number) iliyobandikwa kwenye mazabodi inaweza kunisaidia kuithibitisha ikionekana mahali, kwa kuwa ankara ya mwaka 2016 ninayo na namba hiyo imeandikwa. Mwenye uzoefu wa kupeleka shauri la namna hii Tume ya Ushindani aniambie walianzia wapi, na kama karatasi ya daftari inakubalika pasipokuwa na risiti ya mashine.

Jumatatu nitakuwa mlangoni kwake saa moja kamili, kabla jua halijapanda. Pawa saplai ileile nimeiweka kwenye boksi la karatasi za A4, na Jumapili usiku itakesha barazani ipigwe na baridi. Mzee ameahidi kuja na mita yake.