Eti "mama apunguze kupumua": fundi wetu yule yule kanimaliza

Wakuu, mwangaluka. Naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukwa mnisamehe. Na moderata usithubutu kuuhamishia uzi wangu jukwaa la vichekesho.

Simtaji jina. Yeyote aliyewahi kuvujiwa na gari hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi mpaka Kisesa, anamjua. Yule wa "bosi hiyo ni dakika tano tu". Huyo huyo.

Si mnaijua ile gari-nyumba yangu ya Kijapani, Camroad, mnayoiita kibanda cha chipsi? Maungio ya juu, pale paa linapokutana na ubavu, yalianza kuachana, kadi ya benki inapita. Nikampa kazi. Laki mbili na themanini, chai na vitumbua juu yangu. Wiki ya tatu mama mkwe kaja kutoka Bukoba, nyumba imejaa wageni wa kipaimara, nikaona nimheshimu, nikamlaza humo kama malkia. Saa tisa usiku ziwa likaachia ile mvua yake. Asubuhi namkuta mama kajikunja kwenye kona ya godoro, beseni kichwani.

Nikampigia jamaa, akaja. Akachovya kidole kwenye maji, akanusa. Wakuu, AKANUSA. Akamgeukia mama mkwe wangu, mama wa watu bado analowana, akasema: "Bosi, hapa hapavuji. Hili ni jasho la gari. Mama apunguze kupumua usiku."

Apunguze kupumua. Mama mkwe. Mke wangu kasimama pale pale.

Najua gari la namna hii linatoa jasho, mkilala madirisha yamefungwa vioo vinalowa. Lakini jasho gani linajaza sufuria ya ugali? Mama angekuwa anapumua kiasi hicho si tungemfungia bomba pale Capri Point asambaze maji mji mzima?

Alipoondoka nikapanda ngazi mwenyewe. Kumbe kapaka silikoni nyeupe juu ya gundi ya zamani, juu ya vumbi, juu ya kinyesi cha korongo! Nikashika ncha, nikavuta, ukanda mzima ukaja mkononi kama utumbo wa kuku, mita mbili, alama za kidole chake bado zimeganda juu yake. Nikafungua ile alumini ya kona: skrubu zimekuwa za kahawia, moja ikabaki kichwa tu mkononi. Mbao ya ndani nikaigusa na kijiko, kikazama kama kwenye kiazi kilichochemka. Halafu mtu anatwambia tupunguze kupumua!

Mama kapanda meli jana. Anapumua zake Bukoba. Mke wangu hajanisemesha.

Mzee wa Spana: Pole mkuu, ila na wewe mzembe. Silikoni na paa la gari wapi na wapi? Ikishapakwa, hata ulete gundi nzuri namna gani haishiki mpaka ukwangue yote. Ng'oa hiyo alumini, kwangua, futa na spiriti, mbao iliyooza ikatwe, iliyobaki ikauke kabisa. Laza utepe wa butili, ule wa mpira unaonata, chini, rudisha na skrubu zisizoshika kutu, ndipo upige gundi ya poliyurethani kwenye mshono. Na usidhani maji yanaingilia pale pale yanapodondokea. Yanaingia kona ya mbele, yanatembea na fremu, yanakuja kumwagika kitandani. Umeangalia kile kidirisha cha hewa cha juu?

Binti Buzuruga: Mimi nimeishia kwenye AKANUSA 😂😂

Kamongo: Swali la msingi: mama alikuwa anapumulia pua au mdomo?

Mleta uzi: Kamongo nakuheshimu, usinichokoze. Yule ni mama mkwe. AMBAYE AMEAMBIWA APUNGUZE KUPUMUA.

Sangara Mkavu: Mnaishi Mwanza halafu mnapeleka kitu kinachovuja kwa fundi bodi. Nenda Mwaloni kwa mafundi wa mitumbwi. Wanakalafati, yaani wanaziba mianya ya mbao kwa pamba, mshono baada ya mshono, chombo kinaenda Ukerewe na kurudi.

Jiwe la Igogo: Kinarudi kweli, na dogo mmoja ndani anachota maji na kopo safari nzima.

Kamongo: Basi jibu limepatikana. Mkuu tafuta dogo na kopo, alale na mama.

Binti Buzuruga: 😂😂 apunguze kupumua na yeye

Mwanakwaya: Fundi huyo huyo alinizibia kioo cha mbele cha Noah. Nikikanyaga breki, maji yanadondokea mapajani. Nikamuuliza, akasema gari inanisalimia.

Mama Nyegezi: Afadhali nyie. Fundi cherehani wangu kanipa gauni siku ya sendofu, saa kumi jioni, mkono mmoja. Namuuliza mwingine uko wapi, ananijibu ndiyo mtindo.

Jiwe la Igogo: Huyo si ndiye aliyenishonea suruali zipu ikawa nyuma? Nikaambiwa nitazoea.

Mwanakwaya: Tulimpa sare za kwaya vitambaa vya watu kumi na wanane, tukarudishiwa sare kumi na nne. Sauti ya nne tuliimba tumesimama nyuma ya spika.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Nikimpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa nitarudishiwa hela yangu? Na ile kauli ya kupumua naishtaki kama nini?

Mzee wa Spana: Hujajibu kuhusu kidirisha cha hewa.

Sangara Mkavu: Mada ipi tena? Mama Nyegezi, huo mkono ulipatikana?

Mama Nyegezi: Ulipatikana. Jumapili mwanawe kaja nao kanisani, kofia.