Tupeane uzoefu: kivungulio cha nyumbani hapa Mombasa, ulijenga cha aina gani na kimekupa nini?

Mwenye mada (Bamburi)

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina uwanja nyuma ya nyumba, hatua kumi na mbili kwa nane, na tangu Ramadhani nimeazimia kuujengea kivungulio. Mafundi watatu wamenipa bei, na wote watatu wanauza kitu kimoja: mabomba ya chuma, polithini juu na pande zote nne, mlango mmoja. Kabla sijatoa pesa nataka kuwasikia wenye vivungulio vyao hapa hapa pwani, si Limuru wala Kinangop. Kule wanatafuta joto. Sisi joto tunalo mwaka mzima.

Nianze na yangu. Mwaka jana nilifunika matuta mawili ya nyanya kwa polithini ya kawaida ya dukani, juu ya fremu ya mbao. Mwezi wa pili nikatundika kipimajoto ndani, na saa saba mchana kikasoma 44. Miche ilirefuka, majani yakapendeza, maua yakajaa. Kisha maua yote yakadondoka, sikuchuma hata nyanya moja. Polithini yenyewe kufika mwezi wa tano ilikuwa inakatikia mkononi kama ganda la kitunguu.

Haya, niambieni ya kwenu. Mlijenga kwa vifaa gani, mnapanda nini, na mngeanza upya leo mngebadilisha nini?

Mwalimu mstaafu (Mikindani)

Yaliyokupata ndiyo yaliyonipata mimi, ila yangu yaligharimu kiinua mgongo. Nilipostaafu nilinunua kivungulio kizima cha mita 8 kwa 15 kutoka kampuni moja ya bara. Walikuja na lori, wakakisimamisha kwa siku mbili, wakanionyesha picha za nyanya zilizoning'inia kama zabibu. Sikuuliza picha zile zilipigwa wapi. Hilo ndilo swali la kwanza ningeuliza leo.

Nilipanda mwezi wa kumi na moja. Januari maua, Februari maua chini. Nikatia mbolea, nikapulizia dawa, nikabadilisha dawa. Baadaye ndipo nilipokwenda kituo cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, pale Mtwapa, na afisa mmoja akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: usiku shambani kwako kuna joto kiasi gani? Mimi mawazo yangu yote yalikuwa kwenye jua la mchana. Akanifafanulia kwamba nyanya mchana ikipita digrii 32 hivi, na usiku ikakosa kushuka chini ya 21 au 22, unga wa ua unapoteza nguvu, ua halishiki tunda na linaanguka. Februari na Machi hapa kwetu usiku ni 24, 25. Kwa hiyo hata ningepulizia dawa za dunia nzima nisingepata kitu.

Nikafanya mambo mawili. Kwanza nilikata polithini ya pande zote nne, nikaweka neti ya wadudu, na juu nikaiacha ile polithini iwe mwavuli wa mvua tu. Pili nikabadilisha kalenda. Sasa miche naisia Aprili, naihamisha Mei, na maua yanafunguka mwisho wa Juni wakati upepo wa kusi umeshika na usiku unashuka hadi 20 au 21. Nyanya zinashika. Na masika ikipiga, majani yanabaki makavu, ukungu unapungua sana, wakati majirani wanaolima nje wanapoteza mimea yao.

Msimu wa tatu yakaja mengine. Mche unanyauka mchana ukiwa kijani kibichi, siku ya tatu umekufa. Kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye gilasi ya maji safi na ulitulize. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko wa bakteria, na hauna dawa. Udongo ule umeshaingia maradhi na utakaa nayo miaka. Sikurudisha nyanya, bilinganya, hoho wala viazi mbatata humo, maana zote ni ukoo mmoja. Nyanya zangu sasa ziko kwenye magunia ya udongo mpya, yamekaa juu ya karatasi nene ya plastiki ili mizizi isiguse chini.

Mwenye mada

Mwalimu, asante. Hilo la usiku sikuwahi kulisikia kwa fundi yeyote. Na maji je? Hapa bomba linatoka mara mbili kwa wiki.

Mwalimu mstaafu (Mikindani)

Maji ndiyo yaliyonifanya nipunguze. Nyanya moja iliyokomaa inataka kati ya lita moja na mbili kwa siku. Nilikuwa na miche 300, yaani kama lita 500 kila siku, mitungi 25 ya mkokoteni. Piga hesabu ya wiki mbili bila bomba. Sasa nina miche 90 na usingizi ninalala.

Bi wa Mtongwe

Mwanangu, mimi sina chuma hata kimoja. Kivungulio changu ni boriti na neti, basi. Boriti nilizinunua kwa muuzaji mwenye kibali, maana mikoko haikatwi ovyo, nikapaka oili chafu ile sehemu inayoingia ardhini. Huu mwaka wa sita zimesimama.

Kosa langu lilikuwa neti. Dukani walikuwa na neti ya kivuli ya asilimia 80, nyeusi, na waliiuza rahisi. Nikafurahi nikafunika yote. Mchicha ukatoka mwembamba, mrefu, umepauka, unalala ardhini kama uzi. Kumbe neti ile ni ya kuegeshea magari! Nilipobadilisha nikaweka ya asilimia 35, mchicha ukanenepa ndani ya wiki mbili. Wanaoanza wasikilize hapa: mboga za majani asilimia 30 hadi 40 zinatosha, 50 ni kwa kitalu cha miche michanga.

Napanda mchicha, mnavu na dania. Dania nje kwenye jua la Januari inakimbilia kutoa maua kabla hujaichuma mara mbili. Chini ya neti inatulia. Mchicha ni wiki tatu hadi nne unakata. Mama mmoja wa Kongowea huja kuchukua mafungu alfajiri, na yanayobaki tunakula. Nyanya siziwezi na sizitaki, nimeona jirani alivyohangaika. Mtu wa pwani mwenye nafasi ndogo aanze na mboga ambayo asili yake ni joto.

Fundi (Kisauni)

Nimejenga vivungulio Kisauni, Shanzu na Mtwapa, na nimebomoa vingi vile vile, kwa hiyo niseme la kazi yangu.

Ukiwa karibu na bahari, bomba la chuma linaliwa na chumvi ya hewani. Kutu inaanzia pale lilipotobolewa na lilipochomelewa, maana zinki imetoka. Kila tundu lipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kabla ya kufunika. Mwenye pesa kidogo atumie mvinje. Miongoni mwa miti michache iliyokubali kumea kwenye machimbo ya mawe ya Bamburi alipoanza mtaalamu wa kilimo René Haller kuyapanda miti mwaka 1971 ni mvinje, na kwetu fito zake zimenyooka na zinapatikana.

Polithini nunua ya kivungulio, yenye kinga ya jua, unene wa mikroni 200. Na hata hiyo inakufa mapema ikigusana na chuma chenye moto, kwa hiyo mimi nazungushia vitambaa vyeupe kwenye kila bomba inapolalia. Wanaopulizia dawa za salfa ndani nao wajue salfa inaila polithini.

Urefu ndio watu wanaubania. Fundi akikupa mita 2 kwenda juu, mkatae. Hewa moto inapanda. Ikiwa paa liko chini, mimea ndiyo inayokaa ndani ya hiyo hewa moto. Kwetu kati hapo ifike mita 3 na nusu au 4, na paa liachwe na mwanya juu kwa urefu wote. Mwanya huo uupe mgongo upepo wa kusi. Ukiukabili, siku ya kwanza ya kusi kali upepo utaingia na kuinua paa lote. Nimelifuata paa la mteja hadi kwa jirani wa tatu.

Kijana wa Utange

Tumbili. Hakuna aliyewataja. Neti ya wadudu wanaichana kwa mkono mmoja. Nimezungushia waya wa kuku kwa nje hadi juu ya mlango, na hoho sivuni tena nusu nusu.

Mama wa Tudor (juu ya ghorofa)

Mimi sina ardhi, nina paa. Watu wakiwaza kulima juu ya ghorofa wanawaza jua, lakini jambo la kwanza ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, tangi la lita 1,000 ni tani nzima mahali pamoja. Mwenye nyumba alikuja na fundi wa majengo kabla hajaniruhusu, na nikaambiwa magunia yakae juu ya kuta zinazobeba, si katikati ya dari. Tangi langu ni la lita 250. Fremu nimeifunga kwenye ukingo wa paa pande zote, kwa sababu huko juu kusi haina kizuizi.

Udongo niliuacha, ni mzito. Natumia makumbi ya nazi yaliyosagwa nikichanganya na samadi iliyooza vizuri. Lakini tahadhari: makumbi ya huku kwetu mengine yametoka kwenye mashimo ya maji ya bahari walipoyaloweka watengeneza kamba. Miche yangu ya kwanza iliungua ncha zote za majani. Sasa naloweka kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) usiku kucha, namwaga, narudia mara tatu au nne mpaka yale maji nikiyaonja hayana chumvi.

Na matango. Nilipanda matango ya kawaida ndani ya neti ya wadudu, maua yakaja kwa wingi, vijitango vikafika ukubwa wa kidole vikageuka manjano. Neti iliyozuia nzi weupe ilizuia na nyuki. Ikabidi kila asubuhi kabla ya saa tatu nichume ua dume, nilipanguse ndani ya ua jike, lile lenye kitango kidogo nyuma yake. Siku hizi nanunua mbegu za matango yasiyohitaji nyuki. Ni ghali, lakini nimepumzika. Nyanya hazina shida hiyo, unazitikisa tu kamba asubuhi.

Mwenye mada

Kisima changu kina chumvi kidogo. Kuna anayetumia?

Kijana wa Utange

Natumia nusu kwa nusu na maji ya mvua. Kisima peke yake kiliunguza kingo za majani, na chokaa ikaziba vitundu vya mabomba ya matone. Navisafisha kwa siki. Paa lako la polithini ndilo bomba lako: mita 60 za mraba, mvua ya milimita 20 ni lita 1,200. Weka mfereji wa kukingia na tangi kabla ya masika, si baada yake.

Mwenye mada

Basi nimeamua. Fito za mvinje, urefu mita 3 na nusu, polithini juu peke yake, neti pande zote na waya wa kuku kwa nje. Tangi kwanza, jengo baadaye. Naanza na mboga za majani, na nyanya magunia 20 tu, yahamishwe Mei. Fundi wa Kisauni, nitakutafuta. Bi wa Mtongwe, miche ya mnavu naweza kuipata kwako?

Bi wa Mtongwe

Ipo, mwanangu. Njoo Jumamosi, vuka na feri ya saa kumi na mbili asubuhi kabla ya msongamano. Nitakupa miche mia na kipande cha neti kilichonibakia. Lete ndoo yenye kifuniko, miche isichapwe na upepo hapo kivukoni.