UZI WA MALALAMIKO: Kigari cha mtoto kina kishikio cha kikombe, lakini mkanda na breki hovyo kabisa!

Mkereketwa wa Mikanda (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sitaupunguza makali.

Fungua tangazo lolote la kigari cha kusukuma mtoto. Utasomewa rangi ya kitambaa, kishikio cha kikombe, mfuko wa simu, na jinsi kinavyokunjwa kwa mkono mmoja. Mkanda? "Upo." Breki? "Ipo." Egemeo lina urefu gani kutoka kalio hadi utosini? Kimya. Na anayekaa humo ni mtoto wa mwaka na nusu, anayejipinda, anayechomoa mkono kwenye kamba, anayesimama kigari kikiwa mwendoni na hajajua kuogopa kitu. Kikombe cha mzazi ndicho kimepewa sehemu imara kuliko yeye! Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Naanza na mkanda, maana hapo ndipo uhuni umejaa. Mkanda wa maana una pointi tano: mabega mawili, nyonga mbili, na mmoja unaopanda kutoka katikati ya miguu. Sasa wanauza wa pointi tatu, nyonga na katikati tu, wakijitetea kwamba "huyu ameshakua, mabega hayahitaji." Ameshakua ndiyo maana anaweza kusimama! Bila kamba za mabega anainuka, kifua kinavuka kizuizi cha mbele, anatangulia kichwa. Na ule wa katikati usipofungwa, mtoto akisinzia anateleza kuelekea chini, mwili unapita chini ya kizuizi, kichwa kinabaki juu na shingo inanasa. Watoto wamepoteza maisha kwa namna hiyo hiyo. Lile bomba la mbele lililovalishwa sponji ni la kushikia tu. Kila muuzaji anayesema "bomba linamzuia" anapaswa kuona aibu.

Kamba za mabega zitokee usawa wa bega au juu yake kidogo. Zikitokea chini ya bega, ukikaza zinamkandamiza na kumkunja mgongo. Zikitokea juu mno, zinateleza pembeni na mkono unachomoka. Kwa hiyo geuza kigari, tazama nyuma ya egemeo: matundu yako ngazi ngapi? Kama ni ngazi moja, kigari hicho kimetengenezwa kwa mtoto wa kimo kimoja, na wako ataupita. Ukishamfunga, kaza mpaka kidole chako kimoja tu kipite kati ya kamba na mtulinga. Halafu vuta kamba kwa nguvu kama mara kumi. Virekebishi vingine vya plastiki vina meno laini, kamba inarudi yenyewe taratibu. Ukiona hivyo, rudisha.

Sasa hili la matangazo kwamba kigari kinabeba mtoto "hadi kilo 22." Kiwango cha usalama cha Ulaya, EN 1888, tangu toleo la 2018 kina sehemu mbili: EN 1888-1 ni ya mtoto hadi kilo 15, EN 1888-2 ni ya kilo 15 hadi 22. Tangazo linapiga kelele kilo 22, ukisoma kibandiko kwenye fremu unakuta sehemu ya kwanza tu. Huo ni uongo unaoonekana kwa macho. Marekani wana ASTM F833, Australia na New Zealand wana AS/NZS 2088. Kibandiko kisichotaja kiwango chochote, bali maneno "ubora wa kimataifa", hakina maana.

Na hata hizo kilo zikiwa za kweli, mtoto hukimaliza kiti kwa kimo kabla ya uzito. Mtoto wa miaka 3 ana wastani wa kilo 14 hivi, urefu karibu sentimita 95, na akikaa, kalio hadi utosini ni kama sentimita 55. Sasa pima egemeo la hivyo vigari vyepesi: mara nyingi sentimita 45. Kichwa kinaning'inia nje ya egemeo, kofia ya kigari, yaani kile kivuli cha juu, inamgusa nywele, na kilo bado zinaruhusu! Nendeni na futi. Pimeni egemeo, na pimeni nafasi kutoka kiti hadi kwenye kofia ikiwa imefunguliwa.

Starehe nayo wameifanya iwe unene wa sponji. Kiti cha kitambaa kilichotundikwa bila ubao chini kinabonyea, nyonga zinazama, magoti yanapanda, mgongo unapinda kama upinde na mtoto anateremka mbele. Bonyeza katikati ya kiti kwa ngumi: ukigusa hewa, acha. Ukingo wa kiti uishie vidole viwili kabla ya kukunjo la goti, na miguu ipate pa kukanyaga. Miguu ikining'inia, ukingo unabana nyuma ya goti na mtoto anaanza kulia, mzazi anadhani ana njaa.

Mafundi mpo? Njooni mseme kuhusu breki na bawaba, mimi nimechoka.

Fundi Bawaba

Nipo mkuu, na hasira yako ina haki.

Breki ya kigari kwa kawaida si ya kusugua. Ni pini inayoingia kwenye meno ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Ukikanyaga pedali wakati pini imekaa juu ya jino badala ya kwenye nafasi, pedali inashuka, inaonekana imefunga, na pini imeingia nusu. Kigari kinasimama pale kwenye tambarare, ukikiacha kwenye mteremko kinaondoka. Kwa hiyo kila ukikanyaga, sukuma mbele kidogo na uvute nyuma kidogo mpaka usikie mlio wa kufunga. Pili, pedali moja inayofunga magurudumu yote mawili ni bora kuliko mbili, kwa sababu mtu akiwa na haraka hukanyaga moja na kigari kinazunguka kwenye gurudumu lililobaki huru. Lakini ile pedali moja hutumia waya au fito ndani ya ekseli kupeleka nguvu upande wa pili. Waya ukilegea, upande mmoja unafunga na mwingine hapana. Jaribu kila gurudumu peke yake kwa mkono. Kiwango cha Australia na New Zealand kinataka kidhibiti cha breki kiwe chekundu na kuwe na kamba ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono. Rangi nyekundu inagharimu nini jamani? Wengine wanaficha pedali ya kijivu chini ya kapu la kijivu.

Kukunja: pawe na vifungo viwili vinavyotegemeana, kimoja kikiachia kingine kishike. Ukikifungua, bonyeza mpini kuelekea chini kwa nguvu kabla ya kumweka mtoto. Kigari kisichofunga vizuri hujikunja mtoto akiwa ndani, na vidole ndivyo vinavyokatwa. Hili si tishio la mafundi: Novemba 2009 kampuni ya Maclaren iliita virudi karibu vigari milioni moja huko Marekani kwa sababu ya bawaba za pembeni, baada ya ripoti za watoto 12 kukatwa ncha za vidole. Dawa yake ilikuwa vifuniko vya kitambaa vya kuziba bawaba. Kifuniko tu! Kwa hiyo mnaponunua leo, pitisheni mkono kwenye kila kiungo ambacho mtoto aliyekaa anaweza kukifikia. Uwazi wa milimita 7 hadi 12 ndio mbaya zaidi, kidole kinaingia na hakitoki. Na wakati wa kukunja au kukunjua, mtoto awe mbali na kigari, asiwe ameshika fremu.

Magurudumu nitasema kwa ufupi. Madogo ya plastiki ngumu, sentimita 12 au 13, yanazama kwenye kila ufa. Kigari kinasimama ghafla na mtoto anaendelea mbele. Njia ikiwa ya vumbi na mawe, tafuta sentimita 20 kwenda juu, na mbele pawe na kufuli ya kuzuia gurudumu lisizunguke, maana likiwa huru kwenye mwendo wa kasi linaanza kutikisika ovyo. Tairi la upepo ni laini kuliko yote ila linatoboka. La sponji halitoboki ila linalika. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Msitumie kompresa ya magari, tairi hilo ni dogo, linapasuka usoni. Ekseli ikilia, tumieni silikoni ya kupuliza. Mafuta ya kupikia na grisi vinakusanya mchanga, na mchanga ndio unaokula beringi.

Mzee wa Mwavuli

Mnakuza mambo. Kigari chepesi cha kukunjwa kama mwavuli kinatosha kwa mtoto anayetembea tayari. Kilo 6, unakibeba begani, mtoto anakaa dakika ishirini anashuka. Na mizigo ninyi nyote mnatundika kwenye mpini, msijifanye.

Mkereketwa wa Mikanda

Mzee, kwa dakika ishirini kwenye sakafu laini, mtoto anayekaa mwenyewe bila kuegemezwa, sina ugomvi na mwavuli wako. Ila hilo la mpini nitakujibu kwa hesabu ili liishe: kila uzito unauzidisha kwa umbali wake kutoka ekseli.

Chukua kigari cha kilo 6, uzito wake uko sentimita 20 mbele ya ekseli ya nyuma: 6 mara 20 ni 120. Mtoto wa kilo 12, sentimita 15 mbele ya ekseli: 180. Jumla 300 zinakishikilia chini. Tundika mfuko wa kilo 5 kwenye mpini ulio sentimita 35 nyuma ya ekseli: 175 zinavuta kukipindua. Mtoto akiwa ameketi wima, kinasimama. Ukimlaza, uzito wake unarudi nyuma, tuseme sentimita 3 tu mbele ya ekseli: 36 na 120 ni 156, chini ya 175. Kinaanguka chali na mtoto ndani, kisogo sakafuni. Wala huhitaji kumlaza: akijitupa nyuma kwa hasira, ndiyo hiyo hiyo. Mizigo iende kwenye kapu la chini, na kapu nalo lina kikomo, kimeandikwa juu yake, mara nyingi kati ya kilo 2 na 5. Vile vikulabu vya kutundika mifuko vinavyouzwa pamoja na kigari ambacho kitabu chake cha maelekezo kinasema usitundike kitu, hivyo ndivyo vinavyonitoa mvuke.

Mama Pacha

Naomba niongeze mawili ambayo wauzaji hawayagusi.

Kitambaa cha kufunika mbele ili mtoto alale. Msifanye hivyo kwenye jua. Hewa haizunguki, joto linapanda haraka, nawe humuoni. Kofia pana yenye dirisha la wavu linalofunguka inatosha. Kivuli kitoke juu na pembeni, mbele pabaki wazi. Gusa shingo yake kwa nyuma, ikiwa na jasho na moto, mtoe.

Kulala: mtoto mkubwa akisinzia wima kichwa kinaanguka mbele, kwa hiyo egemeo lishuke. Lipo la kushusha kwa kipini chenye hatua maalumu, na lipo la kamba na klipu. La kamba linashuka polepole vizuri, lakini kulipandisha mtoto akiwa ndani unahitaji mikono miwili. Na likishashuka, angalieni ubavuni: vingine vinaacha pengo kati ya egemeo na kitambaa cha pembeni ambalo mkono au kichwa kinaingia. Kwa aliye na kichanga pia, kiti cha mtoto wa chini ya miezi 6 kinatakiwa kulala angalau nyuzi 150 kati ya egemeo na kikalio. Kinachoishia nyuzi 120 msikubali kuambiwa "ni cha tangu kuzaliwa."

Vya pacha vya ubavu kwa ubavu, pimeni mlango kwanza. Sina zaidi.

Fundi Bawaba

Kwa anayekwenda kununua, beba mzigo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo jaza chupa za jumla ya lita 12, zifunge kwenye kiti kwa mkanda wenyewe. Kanyaga breki kwenye mteremko, achia mikono ukiwa umesimama mbele yake. Sukuma kwa mkono mmoja mstari mnyoofu: kikivuta upande, fremu imepinda au ekseli moja haijakaa. Kipandishe ukingo wa ngazi kwa kukandamiza mpini. Fremu ikilia na ribiti zikicheza kikiwa kipya, fikiria kitakavyokuwa baada ya mwaka. Mpini uwe urefu ambao kiwiko kimejikunja kidogo, na unapotembea kwa hatua zako za kawaida usipige ekseli kwa mguu. Fungua na ufunge kifungio cha mkanda: kiwe kigumu kwa vidole vya mtoto. Kikishaanza kukwama, ni makombo ya biskuti. Kisuuze kwa maji ya vuguvugu, usitie mafuta.

Mzee wa Mwavuli

Sawa, mifuko naiweka chini. Nikipata kilichotumika, nitajuaje kama ni miongoni mwa vilivyoitwa virudi?

Mkereketwa wa Mikanda

Tafuta jina la modeli, namba yake na tarehe ya kutengenezwa. Huwa kwenye bomba la nyuma la fremu, chini ya kapu, au nyuma ya egemeo. Ukizipata, zitafute kwenye orodha za wazi za CPSC, tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani, na Safety Gate, mfumo wa tahadhari za bidhaa hatari wa Umoja wa Ulaya, zote ziko mtandaoni bure. Kisha kague pini za breki, meno ya vitovu, na kamba za mkanda kama zimechanika nyuzi pale zinapopita kwenye plastiki. Mkanda wa kigari kingine usishonewe hapo. Na kama kibandiko kimebanduliwa, mwambie muuzaji abaki nacho.