Tupeane uzoefu: ni safari gani uliwahi kulipa zaidi ili uokoe muda?

Hamjambo wote. Naishi Donholm, Nairobi, mamangu yuko Likoni, Mombasa. Zamani nilikuwa nakwea basi la usiku, nafika Mombasa alfajiri shingo imekakamaa, na siku yote ya kwanza inaishia usingizini. Tangu treni ya SGR, ile reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa, ianze 2017, siku hiyo nimerudishiwa. Nauli ya daraja la kawaida ilipopanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024 nilinung'unika, kisha nikalipa.

Niseme ukweli, zile saa tano za treni zina mkia mrefu. Kuna kutoka Donholm mapema hadi stesheni ya Syokimau, kuna kupanga mabegi chini kwa mstari mbwa ayanuse huku sisi tumesimama kando. Ukishuka Miritini, bado matatu, bado feri. Kutoka mlango wangu hadi mlango wa mama ni kama saa tisa, karibu sawa na basi. Tofauti ni kwamba namkuta bado macho, chakula kimefunikwa mezani, na nina nguvu za kukaa naye tuzungumze. Hilo ndilo nalolipia. Wewe je?

Dereva wa teksi, Mlolongo: Tangu barabara ya juu ya kulipia, Nairobi Expressway, ifunguliwe 2022, abiria wa uwanja wa ndege namuuliza, "Tupite juu au chini?" Mwanzoni walikuwa wanauliza ada kwanza. Sasa wengi wanajibu "juu" kabla sijamaliza, hata mtu ambaye ndege yake bado ina saa nne kabla iondoke. Mama mmoja aliniambia anachotaka ni kujua atafika saa ngapi, basi. Mvua ikinyesha, huku chini Mombasa Road hakuna anayejua.

Wa Syokimau: Mimi naenda kazini mjini kwa treni ya asubuhi. Ukichelewa dakika mbili imekuacha. Lakini nilipiga hesabu wiki nzima nikagundua matatu hainipotezei muda njiani tu, hata stejini, makanga akiita "mmoja wa mwisho" na viti vitatu viko wazi.

Mwanafunzi, Kahawa: Wakubwa wangu, muda ninao, pesa ndiyo sina. Nikienda kwetu Kakamega natafuta gari la bei ya chini, hata likisimama kila kituo. Mara moja tu nililipa zaidi. Nyanya alifariki na mimi nilipata habari usiku wa kuamkia mazishi. Nilikopa 800 kwa mwenzangu wa chumba, nikapanda gari la kwanza kutoka mjini.

Wa Donholm: Pole sana, mdogo wangu. Ulimwahi?

Mwanafunzi, Kahawa: Nilifika jeneza likiwa bado uani. Baba alinishika mkono tukaenda kumwona.