Raidi za hadithi: kwa nini moja inakukaa kichwani miaka na nyingine unatoka hujui umeona nini?

binti_pemba_sharjah

Wadau asalaam aleikum, poleni na majukumu. Nina swali linanisumbua tangu Iddi. Niliwapeleka wanangu wawili, wa miaka 7 na 11, kwenye paki moja ya ndani huku Ghuba, tukapanga foleni saa nzima na dakika kumi kwa ajili ya raidi moja ya gizani, yaani zile unakaa kwenye kigari kinakupitisha chumba kwa chumba unaoneshwa hadithi. Tukavishwa miwani, kigari kikaanza kutikisika, mbele skrini, kulia skrini, mtu anapiga kelele haraka haraka wanakuja, kitu kikalipuka, upepo ukatupiga usoni, taa zikawaka, shukeni. Dakika nne. Yule mdogo akaniuliza, mama, yule alikuwa anatafuta nini? Nikakosa jibu, na muda wote nilikuwa nimekodoa macho.

Sasa nikakumbuka miaka mingi nyuma, kabla sijaolewa, kaka yangu alinipeleka Disneyland ya Paris tukapanda Pirates of the Caribbean, raidi ya boti ya maharamia. Kifaransa sijui hata neno moja. Lakini mpaka leo nikifumba macho namuona yule mbwa. Wafungwa wako nyuma ya nondo, mmoja kashika mfupa, mwenzake kashika kamba yenye kitanzi, wanambembeleza mbwa aliyekaa na funguo mdomoni, na mbwa anawaangalia tu, hasogei. Boti ilipita pale sekunde chache mno, nikawa nimeshaelewa wanataka nini na kwa nini hawakipati. Tofauti iko wapi jamani? Msiniambie hela, ile ya juzi imemwagiwa hela za kutosha.

mzee_wa_taa

Dada yangu hapo kwa mbwa umeshajijibu nusu. Mi nafanya kazi ya taa za jukwaani Dar mwaka wa 19 huu na hizi raidi nazifuatilia kama wengine wanavyofuatilia mpira. Hao wafungwa na mbwa wao ni kazi ya Marc Davis, mchoraji wa katuni aliyehamishiwa kwenye raidi, na Pirates ya kwanza ilifunguliwa California 1967. Davis alijua mtu yuko kwenye boti na boti haimsubiri, kwa hiyo kila anachokuonesha lazima jicho likipate kwa mara moja, nani anataka nini na kinachomzuia ni nini, basi. Kwenye kigari hakuna nafasi ya mtu kukuhadithia mwanzo, katikati, mwisho. Kinachowezekana ni kukuweka mahali ambapo jambo tayari linatokea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Haunted Mansion ya 1969, raidi ya nyumba ya mizimu ya Disneyland. Davis alikuwa anavutana na mwenzake Claude Coats, huyu Coats anataka nyumba yenyewe itishe, Davis anataka mizimu ichekeshe, na ukipanda unawaona wote wawili. Mwanzo ni korido tupu, kitasa kinajizungusha, mlango wa mbao unavimba kama unapumua, mzimu wenyewe hujauona bado. Baadaye kabisa ndo wanaanza kujitokeza mpaka unawakuta ukumbini wanacheza dansi. Hakuna hadithi pale ya kumsimulia mtu lakini mpangilio upo, unaanza kwa kuhisi, unasikia, halafu ndo unaona. Na kigari chenyewe kinakugeuza, mgongo wake uko juu na umekukumbatia pembeni, kwa hiyo unatazama wanapotaka utazame tu.

Halafu ule ukumbi wa dansi, wakuu, ule ni kioo. Kioo kikubwa kati yako na ukumbi. Masanamu ya mizimu yako upande wako, juu na chini ya njia ya vigari usikoweza kuona, yanamulikwa, na wewe unaona taswira yao kwenye kioo imekaa juu ya meza na viti vya kweli, taa yao ikizimwa wanatoweka. Ujanja huo mwanasayansi John Henry Pepper aliuonesha London 1862. Mi nilijaribu kidogo kwenye tamthilia ya shule kwa kioo cha dirisha na taa moja, nilipoizungusha swichi taratibu msichana akatokea kwenye kiti kitupu, watoto wa mbele wakasimama wote. Hakuna skrini itakayonipa kile.

njoro_orlando

Mzee nakuheshimu lakini hapo kwa hadithi wacha nikupinge. Hadithi inahitajika, tena sana, haswa raidi ikiwa na poromoko. Niko Florida miaka nane sasa. Splash Mountain ya zamani, raidi ya maji ya Disney iliyoanza 1989 California, ilitumia hadithi za Br'er Rabbit, ambazo ni hadithi walizokuwa wakisimuliana Waafrika waliofanywa watumwa Marekani, na ukizisikia unajua zimetoka wapi, ni Sungura wetu huyu huyu. Sungura anatoka nyumbani kutafuta raha, Mbweha anamkamata, sungura anaomba nifanye utakavyo lakini usinitupe kwenye miiba tafadhali, na wewe kwenye boti lenye umbo la gogo unapandishwa, unapandishwa, halafu unatupwa chini zaidi ya mita 15, kwenye miiba kwenyewe, na unaponea hapo maana miibani ndio kwao sungura. Unaona? Poromoko ndio hadithi. Cucu wangu, yaani bibi, alikuwa na ile ya kobe anayemwambia Simba anisugue matopeni gamba lilainike, akaponyoka, ni ujanja ule ule na nilipoanguka na lile gogo mara ya kwanza nilimkumbuka yeye.

Ilifungwa 2023 kwa sababu filamu ya 1946 iliyobeba hizo hadithi ilikuwa inapaka rangi nzuri maisha ya watu weusi Kusini, na mimi nakubali kabisa iliondolewa kwa haki. 2024 ikaja Tiana's Bayou Adventure, ya Tiana yule binti wa filamu ya Disney, kwa mfereji ule ule. Roboti zake ni nzuri ajabu, uso unasogea mpaka unasahau ni mashine, muziki wa New Orleans uko sawa, nilifurahi kuona binti mweusi ndiye mwenye shughuli. Lakini hadithi ni kutafuta wanamuziki wa sherehe. Hakuna anayewafukuza, hakuna cha kupoteza. Mama Odie, bibi mwenye uchawi, anakufanya mdogo kama chura, halafu ili urudi ukubwa wako unaporomoka. Kwa nini kurudi ukubwa kunahitaji kuporomoka? Nimepanda mara tano na bado naliona lile poromoko limeachwa pale na mwenyewe aliyehama. Wamchukue Tiana huyo huyo wampe kitu cha kuogopa, watu wataililia.

mzee_wa_taa

Njoro hapo umenishika, nakubali. Sungura wako ana anachokitaka kama wafungwa na mbwa wao. Mi nilichokataa ni maneno mengi.

fundi_wa_zamu

Naomba niwatetee kidogo watu wa skrini maana mi ni fundi wa matengenezo ya hizi mashine (sitasema wapi). Ile ya Spider-Man ya Orlando, 1999, imejaa skrini na ni miongoni mwa bora zilizowahi kujengwa. Kwa nini? Kigari hakisimami kuangalia sinema, kinatembea na kuzunguka, na picha imechorwa ikifuata jicho la mtu aliye kwenye mwendo, halafu pembeni ya skrini kuna ukuta wa kweli, nguzo ya kweli, joto la kweli. Hujui kitu kimeishia wapi na picha imeanzia wapi. Kikiegeshwa mbele ya skrini kikatikiswa tu, mtu anajua yuko mbele ya tivii.

Na kosa si geni. Raidi ya Snow White ya 1955 ilipofunguliwa binti mwenyewe hakuwepo, eti wewe abiria ndo Snow White, watu wakawa wanatoka wanauliza yuko wapi. Wakaja kumweka 1983. Ukimwambia mtu "wewe ndiye" bila kumpa cha kufanya, haelewi.

Jingine ambalo abiria halioni, dada, ni ubovu. Nilipowahi kufanya kazi, chumba cha pili spika moja ilikufa karibu wiki mbili tukisubiri kipuri, na sentensi pekee iliyosema wanatafuta nini ilikuwa inatoka kwenye spika hiyo. Vigari viliendelea kwenda maana usalama uko sawa. Watu walitoka na sura hiyo hiyo ya mwanao. Kama hadithi yako nzima inaning'inia kwenye sentensi moja, siku spika ikifa na hadithi imekufa. Mbwa mwenye funguo hahitaji spika.

mama_wawili_rotterdam

Naongezea Droomvlucht, raidi ya paki ya Efteling hapa Uholanzi, ya 1993. Hakuna neno linalosemwa, ni muziki, msitu, vijimalaika kwenye bembea, halafu mwishoni unazunguka kushuka kwenye msitu wa majitu mabaya mabaya ya kupendeza. Mamangu alikuja kutoka Bujumbura, ana miaka 71, haongei Kidachi, alinishika mkono mwanzo mpaka mwisho akaomba turudie.

binti_pemba_sharjah

Jamani asanteni, nimesoma zote mara mbili. Leo usiku nimemuuliza mdogo, kwenye raidi ile unakumbuka nini? Akasema mlango. Mlango gani? Kumbe kwenye foleni kulikuwa na mlango wa chuma, ndani mtu anagonga, anagonga taratibu, anaacha, anagonga tena. Tulikaa karibu nao kama robo saa, akaweka sikio. Anasema alipoingia kwenye kigari alikuwa anangoja kumuona nani alikuwa anagonga.

fundi_wa_zamu

Na hamkumuona.

binti_pemba_sharjah

Hatukumuona. Wala mlango hatukuuona tena.

mzee_wa_taa

Aliyeuweka ule mlango alijua kazi. Mtoto alishasema "pakawa", wakamkatia hapo hapo. Dada, ukipata nafasi mpeleke akamuone mbwa.