Wauza betri za sola, mkishapokea hela mnakuwa hamtujui tena

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Mfumo wangu wa sola ni ule wa kuunganishwa na gridi, yaani umeme wa taifa, bila betri. Wenye mfumo wa hivi mnaijua adha yake: umeme ukikatika mchana kweupe, jua linachoma, paneli zimejaa juu ya paa, na ndani friji imezima. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa nyumbani, inajizima makusudi, isije ikasukuma umeme kwenye nyaya ambazo kuna mtu kazishika huko nje anatengeneza. Hilo ni la usalama, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na jamaa walioniambia "betri tunaongeza tu, mkuu, kazi ndogo".

Tunaongeza tu! Wamefika, watu wawili wamebeba betri, ndipo wanafungua inveta na kukuta haina hata sehemu ya kufunga betri. Picha yake na modeli nilishawatumia kabla sijalipa. Hakuna aliyeangalia. Papo hapo naambiwa ya zamani haifai, ninunue haibridi, yaani inveta inayobeba paneli na betri kwa pamoja. Kumbe ilikuwepo njia ya pili: inveta ya zamani inabaki na paneli zake, betri inapewa inveta yake yenyewe, zinakutana kwenye umeme wa nyumba. Hiyo hawakuitaja, maana haibridi ya kuniuzia walikuwa nayo tayari kwenye gari. Nikainunua.

Halafu hii lugha ya "inakupa masaa 10". Masaa 10 ya mzigo gani? Betri ya litiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100 ina kama uniti 5, basi. Ukiwasha taa, TV na friji utalala nayo vizuri. Ukiweka birika la wati 2,000 na pasi, masaa mawili ni mengi. Na zipo ambazo kiwanda kinataka zisitoe zaidi ya ampea 50 kwa mfululizo, yaani kama wati 2,500, hata kama inveta imeandikwa 5,000. Hakuna aliyeniuliza nyumbani kwangu kinawaka nini.

Sasa sikieni kilichonifanya nifungue uzi. Usiku skrini ya inveta inasoma asilimia 47, ghafla giza. Asubuhi jua limetoka, inveta haichaji, inasema haioni betri. Muuzaji anasema tatizo ni inveta. Wa inveta anasema tatizo ni ufungaji. Fundi hapokei simu.

Nikaita fundi mwingine. Kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kwenye boksi tupu la betri, akatoa waya wa mawasiliano, ule ambao betri inautumia kuiambia inveta hali yake, ukiwa bado umefungwa kwenye mfuko wake wa nailoni. Haujawahi kuchomekwa! Inveta ilikuwa imewekwa kwenye mpangilio wa betri za asidi, na kiwango cha kukata, yaani pale inveta inapoacha kunyonya betri, kiko volti 42. Bila ule waya inveta inakisia asilimia kwa kuangalia volti, na litiamu ya aina ya fosfeti haikisiwi hivyo. Volti zake zinakaa karibu palepale kwa sehemu kubwa ya chaji, halafu zikifika mwisho zinaporomoka kwa mpigo. Ile 47 ilikuwa porojo. Betri ilinyonywa hadi saketi yake ya ulinzi ikajifunga, na ikishajifunga inveta haioni volti yoyote, kwa hiyo haitumi chaji.

Napeleka madai ya waranti, najibiwa: "haikufungwa na waya wa mawasiliano, waranti imekufa." Waliofunga ni nani? Si ninyi? Risiti ina mstari wa "ufungaji" na nimeulipia!

Na hilo bado lina nafuu. Kati ya betri na inveta waliweka breka ya kawaida ya nyumba, ya ampea 63, ina kile kialama cha wimbi kinachoonyesha ni ya AC, umeme wa kubadilika mwelekeo kama wa ukutani. Kwanza, wati 5,000 kwenye volti 51.2 ni karibu ampea 100. Pili, umeme wa AC unapita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche inapata nafasi ya kuzimika breka ikifunguka. Wa betri ni DC, unaenda upande mmoja tu, haupiti sifuri. Cheche inaendelea kuwaka humo ndani mpaka plastiki iyeyuke. Familia yangu inalala chumba cha pili kutoka hapo. Mtu anayejiita fundi wa sola halijui hili?

Muuzaji, najua unapita humu. Jina lako sijaliweka, kwa sasa. Nataka betri ipimwe seli moja moja mbele yangu, majibu niyapate kwa maandishi, na breka ya DC yenye ukubwa unaostahili ije kwa gharama yako.

Wengine mliowahi kukataliwa waranti kwa kosa la fundi wa duka lenyewe, mlifanyaje? Mliwabana kwa risiti au mlienda kwa wanaotetea walaji? Wauzaji mnaokuja kutetea biashara hapa, anzeni kwa kujibu habari ya ule waya.