Mjadala: Damu ya kitovu itunzwe juu ya seli shina, ao tuendelee kuzika kondo sawa bankambo?

MWENYE MADA (Ibanda, hapa Bukavu): Bandugu, leo sileti politike. Ijumaa dada yangu alizaa, mimi nilikuwa ku mlango wa maternite na termosi ya uji, mama muzalishaji akatoka na ndoo ya bule, ndani kondo, kitovu kingali kinadondosha damu, akauliza mama mukwe, "Munaenda nayo ao tutupe?" Mama mukwe akaifunika na kitenge akaenda nayo. Sasa mi niko nasoma bayoloji, ile ndoo iliniumiza roho. Ile damu imejaa seli shina, zile seli mama zenye kutengeneza damu yote ya mutu. 1988 kule Paris, ku hospitali Saint-Louis, Eliane Gluckman alipandikizia mutoto mwenye anemia ya Fanconi (ugonjwa wa kurithi, mwili unashindwa kutengeneza damu) damu ya kitovu cha dada yake muchanga, na mutoto akapona. Sisi tunazika. Swali: serikali iruhusu mahospitali kukusanya hiyo damu, mama akikubali, kwa kutibu na kwa utafiti? Ndiyo ao hapana, na useme sababu.

PAPA WA BAGIRA: Hapana. Kijana, kitovu si takataka, kwetu kujua mutu ni wa wapi unauliza kitovu chake kilizikwa wapi. Lakini tuache hiyo, yangu ni ingine. 1958 Babeleji walipitisha chanjo ya polio mu bonde la Ruzizi, batu zaidi ya laki mbili ndani ya wiki chache, chanjo ya mutafiti Koprowski, ingali ya majaribio. Baba yangu alipanga mulolongo na bengine, akafungua kinywa, akapewa. Mpaka anakufa alijua ni dawa ya serikali. Nani alimuliza? Sasa unaniambia "mama akikubali". Mama analala ku meza, uchungu haujaisha, ana deni ya maternite, unamuletea karatasi ya Kifaransa asaini, hiyo ni kukubali gani?

INFIRMIYE ASIYELALA: Papa, kwa heshima, ile ya karatasi uko na haki, nimeona batu banasaini bila kusoma na hata sisi wenyewe hatukuwasomea. Ila mutu asitumie ile historia ya Ruzizi kurudisha yale maneno kwamba chanjo njo ilileta sida (ukimwi), walipima mabaki ya ile chanjo wakakuta si kweli.

MWANA WA PAROKIA: Mi naona hatari. Leo kitovu, kesho watachukua mimba. Kanisa lilishakataza tangu 1987 mu hati ya Vatikani, Donum Vitae.

MWENYE MADA: Ndugu, soma tena. Chenye Kanisa linakataza ni kuharibu kiinitete (mimba ya siku za kwanza), ile ya James Thomson wa Wisconsin, mwenye alitoa seli shina mu kiinitete cha mutu mu 1998. Damu ya kitovu haiue mutu, mutoto alishazaliwa analia, na ile hati ya Vatikani ya 2008, Dignitas Personae, inakubali seli za kitovu. Na tangu 2006 Yamanaka wa Japani anarudisha seli ya ngozi ya panya kuwa sawa seli ya kiinitete, mwaka wenye kufuata akafanya na ya mutu, akapata Nobeli 2012. Ile vita ya kiinitete ni ya kweli lakini hapa si fasi yake.

SALIM WA NGUBA: Na musiseme "dini" kama ni moja. Kwetu Waislamu wanazuoni wengi wanasema roho inapuliziwa siku ya 120, ndio maana Iran, nchi ya mashekhe, taasisi ya Royan ilitengeneza seli shina za kiinitete 2003 kwa fatwa. Kwa kitovu sina shida kabisa, shida yangu ni nani atauza.

MUJASIRIAMALI: Bandugu seli shina ziko tayari, sihitaji serikali, niko na poda ya plasenta na tofaa, unaweka chini ya ulimi asubui, inatibu sukari, presha, SS (seli mundu), yote. Nipigie inbox.

INFIRMIYE ASIYELALA: Wewe njo unanikasirisha. Seli shina hai inatunzwa ndani ya azoti ya maji (gesi ya nitrojeni yenye kupozwa mpaka inakuwa maji), nyuzi 196 chini ya sufuri. Poda yako imefika na lori, imekaa ku meza ya Kadutu ku jua pembeni ya ndakala. Ingekuwa na seli, zingekufa mara ya kwanza lori linasimama ku barrière. Na hata zikiwa hai si muchezo: huko Florida mu 2015 wanawake watatu walidungwa mu macho seli za mafuta yao wenyewe ku kliniki ya kulipisha, wakapofuka. Watu wanauza kiwanja juu ya hizo sasheti, nilimwona mama mwenye kuleta mutoto na emoglobini 3, damu karibu imeisha, na boksi mbili mu saki.

MAMA SS (Kadutu): Na mi niseme maana munaongea juu yetu. Wangu wa kwanza ni SS, ana miaka 6, macho ya manjano, usiku mifupa ikimushika ananiambia mama nikate mukono, na mi sina cha kukata, niko namupaka mafuta ya moto mpaka asubui, tumeongezewa damu mara hata sikumbuki, baba yake ni AS na mimi AS, tunabeba ugonjwa bila kuugua, hatukujua tulipooana hakuna mwenye alituambia tupimishe. Sasa niko na mimba ya pili ya myezi 7. Kijana wa Ibanda, huyu akizaliwa, kitovu chake kinaweza kumuponya mukubwa? Usinipe maneno ya kitabu.

INFIRMIYE ASIYELALA: Mama, nitakuambia sawa vile iko. Bahati kwamba damu yao itapatana ni moja juu ya nne. Muchanga mwenyewe naye ana moja juu ya nne ya kuwa SS, na akiwa SS damu yake haitumike. Vikipita vyote viwili, mutoto anapewa kwanza dawa kali ya kuua uboho wa zamani, anakaa wiki nyingi mu chumba safi. Hapa Bukavu hiyo haiko, watu wanaenda India, wenye nyumba ya kuuza. Na ile tiba mpya Casgevy, yenye kurekebisha seli za mugonjwa mwenyewe, Marekani wanalipisha dola milioni 2.2. Kwa hiyo mi kwa mada niko katikati, na nitamuudhi kijana: kabla ya kununua frigo ya azoti wakati umeme unakatika mara tatu ku siku, tupime kila mutoto ku kisigino siku ya kuzaliwa tujue kama ni SS, wenye SS tuwape dawa ya hidroksiyurea. Utafiti wa REACH wa 2019, wa kwanza ku orodha ya waandishi ni Tshilolo wetu wa Kinshasa, batoto ba Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale: maumivu yalipunguka, malaria ilipunguka, vifo pia. Ni kidonge. Mutoto wako anakunywa?

MAMA SS (Kadutu): Hakuna mwenye alishaniambia hiyo jina. Andika tena vizuri nipeleke.

INFIRMIYE ASIYELALA: HIDROKSIYUREA. Munganga apime damu mbele ya kuanza dawa na nyuma yake, usinunue wewe mwenyewe ku soko.

PAPA WA BAGIRA: Sasa hapo njo ninasikia utafiti. Waliuliza wazazi?

INFIRMIYE ASIYELALA: Waliuliza, papa, na wakarudi na majibu.

MWENYE MADA: Sawa, nakubali kisigino kitangulie. Ila bado nasema azoti, siku moja.

MAMA SS (Kadutu): Kesho ni siku yangu ya konsiltasio, nitauliza kidonge, na ya kitovu pia nitauliza kama iko mutu anachukua. Mama mukwe alishachimba shimo chini ya mugomba, sijue nitamwambia nini.